Maombi Yaliyoandikwa Vizuri Mno

Siku ile jaji alikuwa Kifungu, na kiti chake kilikuwa ndoo iliyopinduliwa. Alijitanda taulo mabegani likawa joho. Mbele yake, kwenye sakafu ya saruji katikati ya bweni la wanawake, Msusi alisimama na mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kujua jibu.

"Mkono uonekane!" Kifungu alimkemea. "Unakwenda mahakamani kwa ajili ya huo mkono, halafu unauficha. Unamdai nani, mgongo wako?"

Wafungwa waliokuwa wamekaa vitandani wakaangua kicheko. Msusi naye alicheka, akautoa mkono wa kulia mbele. Vidole vitatu vya katikati vilikuwa vimekakamaa, vimenyooka kama vijiti, na ngozi yake inang'aa kwa kuvutika. Kidole gumba na kidole kidogo ndivyo pekee vilivyobaki vinamtii.

Mle gerezani majina ya nyumbani yaliachwa mlangoni. Mtu aliingia na kazi yake au kituko chake, wenzake wakakigeuza jina, basi. Msusi alikuwa msusi kweli. Huko nje alikuwa na chumba cha mbele chenye kioo kikubwa, na wateja walikuwa radhi kukaa kwenye benchi asubuhi nzima wakimngoja yeye na si mwingine. Alifungwa kwa kosa ambalo hakulikataa, na habari za kosa hilo si za hapa. Kifungu alikuwa karani wa mahakama, naye alifungwa kwa kupoteza majalada ya kesi za watu, kila pale ambapo kupotea kwake kulimfaa mtu fulani. Sheria aliijua kwa kukaa nayo miaka, kama mpishi anavyoijua chumvi. Ukimwuliza kwa nini chai ya leo haina sukari, atakutajia kifungu.

Yaliyomsimamisha Msusi kwenye sakafu ile yalianzia chumba cha dobi. Gereza lilikuwa na mkataba wa kufua mashuka ya hospitali, na yakishafuliwa yalipitishwa yakiwa bado na unyevu kati ya rola mbili za moto zilizoyanyoosha. Mbele ya rola kulikuwa na chuma cha kinga: mkono ukikigusa tu, mashine inasimama. Shida ni kwamba hata shuka lililojikunja lilikigusa. Mashine ikawa haiishi kusimama, na mashuka yanarundikana hadi dirishani. Msimamizi wa dobi akaamuru chuma kifunguliwe, kikaegeshwa ukutani nyuma ya mapipa ya sabuni. Kuanzia hapo kazi ikaenda mbio, mpaka asubuhi ambayo pindo la shuka lilinasa kwenye kidole cha Msusi na kumvuta.

Aliyebonyeza kitufe chekundu alikuwa Kifungu. Wengine waligeuka wakatoa macho tu. Yeye aliruka kapu la nguo, akabonyeza, kisha akamdaka Msusi kiunoni asianguke. Kama si yeye, rola zingefika kwenye kiwiko. Tangu hapo Msusi alimwita dada, na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Kifungu ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni wakati mkono uko kwenye bandeji, ndiye aliyemkata kucha, na ndiye aliyemwambia, "Mdogo wangu, hawa tunawashtaki."

Akamwandikia madai. Madai yalipopokelewa, akaanza kumwandikia maombi ya wakili.

"Ungekuwa umeshtakiwa kwa kuua," alimweleza, "mahakama ingekutafutia wakili upende usipende. Lakini hii ni kesi ya madai. Huku wakili wa bure ni hiari ya jaji. Anakupa akiona huwezi kujisimamia."

"Na siwezi, dada."

"Ndiyo tunamwomba aone hivyo."

Msusi alimhitaji wakili huyo kama mtu anayezama anavyohitaji pumzi. Alihitaji mtu wa kwenda huko nje kumtafuta daktari wa mifupa, aje aeleze kwamba vidole vile havitasuka tena. Alihitaji mtu wa kumbana msimamizi wa dobi amtaje aliyefungua chuma. Yeye mwenyewe akisimama mbele ya watu ulimi ulimganda. Na kesi hiyo ikipotea, siku ya kutoka gerezani angetoka hana kazi yake, na hana mkono wa kujifunzia kazi nyingine.

Ndiyo maana walikuwa wakifanya mazoezi. Mfungwa wa kitanda cha pili, waliyemwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyompita, alipewa nafasi ya wakili wa serikali, na aliicheza kwa kuvuta kaptula ya usingizi juu ya kitovu.

"Mheshimiwa!" Redio alinguruma. "Mwanamke huyu alilala na mashine!"

"Kaa chini, wewe," Kifungu alisema. "Haya, Msusi. Jaji akikuuliza nani amekuandikia maombi haya, utasemaje?"

"Nitasema mimi."

"Utakuwa umeidanganya mahakama mchana kweupe. Hapana. Sema ukweli. Sema: kuna mwenzangu alikuwa karani wa mahakama, ndiye ananisaidia. Usione haya."

"Na asipoulizwa?" Redio alidakia.

"Ataulizwa," Kifungu alisema, na akamrudisha Msusi mwanzo. Walilirudia jibu lile mpaka likawa linatoka lenyewe, kama salamu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko Msusi alivyokuwa amekitarajia. Kulikuwa na mabenchi yaliyochubuka, feni iliyozunguka kwa uchovu, na madirisha yaliyoshikiliwa wazi kwa vipande vya mbao. Afande wa kike aliyemsindikiza alikaa ubavuni kwake akipiga miayo. Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Wakili wa serikali alikuwa kijana, suti yake imembana mabegani.

Jaji alivaa miwani, akafunua karatasi, akafunua nyingine.

"Nimesoma maombi yako yote," alisema. "Acha niseme wazi. Haya yameandikwa vizuri kuliko mengi ninayoletewa na mawakili wenye maofisi."

Watu wakacheka. Hata wakili wa serikali alitabasamu. Msusi alihisi uso ukimwaka kwa furaha, akatamani Kifungu angekuwepo ajisikilizie mwenyewe.

"Umeandika mwenyewe?"

Lile lile swali! Msusi aliutoa mkono mbele, uonekane.

"Hapana, Mheshimiwa. Kuna mwenzangu alikuwa karani wa mahakama, ndiye ananisaidia. Sioni haya kusema."

Wakili wa serikali alikuwa ameshasimama kabla neno la mwisho halijatua.

"Mheshimiwa, hapo hapo ndipo tulipotaka kufika. Ninayo hati ya kiapo ya huyo mwenzake. Naomba niisome."

Akaisoma. Aliyeapa alisema kwamba amemsaidia mwombaji tangu mwanzo wa shauri. Kwamba anazijua taratibu za mahakama kwa kazi aliyoifanya miaka mingi. Kwamba yuko tayari, na anaweza, kuendelea kumsaidia. Kwa hiyo, alisema kijana yule akiikunja karatasi, upande wa gereza hauoni kwa nini mahakama imtafutie wakili mtu ambaye tayari anaye, na aliye bora kuliko wengi, kama Mheshimiwa mwenyewe alivyoona.

Karatasi ilipopita mbele yake kwenda kwa jaji, Msusi aliuona mwandiko. Aliujua. Ilikuwa ile mikia mirefu ya herufi aliyoitazama jioni nyingi ikishuka chini ya mistari ya maombi yake.

Kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba wamemwibia Kifungu karatasi. Cha pili, wamemlazimisha. Alisimama pale akimtetea dada yake moyoni kwa nguvu ambazo hakuwa nazo za kujitetea mwenyewe.

"Ni kweli huyo mwenzako anakusaidia?" jaji alimwuliza.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Na anaiweza kazi hiyo?"

"Anaiweza, Mheshimiwa, lakini..."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Neno "lakini" halikuwemo kwenye mazoezi. Aliangalia vidole vyake, na feni ikaendelea kuzunguka. Jaji alimsubiri kwa uvumilivu, kisha akavua miwani.

"Maombi yamekataliwa kwa sasa," alisema. "Mwombaji ana msaada wa mtu mwenye ujuzi. Hali ikibadilika, anaruhusiwa kuomba upya."

Njia nzima ya kurudi, ndani ya gari la gereza, Msusi alikuwa akipanga maneno. Hakuwa anapanga ya kumlaumu Kifungu. Alikuwa anapanga namna ya kumwuliza bila kumwumiza, maana huenda walimtisha, huenda walimpeleka ofisini wakamfungia mlango. Juma lililopita aliitwa kweli na mkuu wa gereza, akarudi akisema walitaka awapangie faili. Maskini dada, aliwaza, na amelibeba hilo peke yake siku zote hizi.

Redio alimpokea mlangoni mwa bweni. Kwa mara ya kwanza tangu afungwe alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Wamekukatalia?"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mwenzako anafungasha. Anahamishiwa gereza la wazi, kule mashambani, wasikofunga milango mchana. Lori linakuja saa yoyote."

Kifungu alikuwa ameinamia kitanda, anakunja blauzi. Alizikunja kama alivyofanya kila kitu, pembe kwa pembe. Hakugeuka.

"Dada," Msusi aliita. "Walikulazimisha?"

Kama angejibu ndiyo, Msusi angemsamehe hapo hapo. Kifungu alilijua hilo. Aliishika blauzi hewani, kama mtu anayeonjeshwa kitu kitamu. Halafu, labda kwa sababu alijivunia kutosema uongo, akatikisa kichwa.

"Hakuna aliyenilazimisha."

"Basi umeniapia kinyume?"

"Si kinyume. Kuna neno gani la uongo mle ndani? Nitajie moja."

"Umeapa uko tayari kuendelea kunisaidia."

"Siku niliyoapa nilikuwa tayari."

"Na uhamisho wako siku hiyo ulikuwa wapi?"

Kifungu aliilaza blauzi juu ya nyingine, akaipapasa kuinyoosha. "Ulikuwa haujasainiwa."

"Yarabi!" Redio alisema kutoka kitandani kwake. "Huyu siku akifa atakata rufaa."

Hakuna aliyecheka. Kifungu aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yangu hawezi tena kupanda gari kuja huku. Kule ni jirani, anafika kwa miguu, polepole, na fimbo yake. Hajaniona tangu nihukumiwe. Waliniambia ni sahihi tu, jambo la kweli, na Jumapili nitamwona mama. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekuambia."

Sauti ilimtoka Msusi ndogo, ile ile iliyomponyoka mahakamani, lakini safari hii haikukatika.

"Ungeniambia, dada, ningelia, kisha ningekusaidia kufunga mzigo. Mama ni mama. Lakini wewe ulinifundisha jibu. Ulijifunika taulo, watu wakacheka, nami nikacheka, na wewe unanifundisha kwa mdomo wako mwenyewe nitakavyojimaliza. Ukanirudisha mwanzo nikikosea. Nilikuwa nimesimama pale nafurahi! Nilifurahi umenizoeza swali linalokuja kweli."

Kifungu aliangalia sakafu.

"Na mashine?" Msusi aliuliza. "Wakikuuliza kuhusu chuma cha kinga, utasema kilikuwepo au hakikuwepo?"

"Sijaulizwa hilo."

"Wakikuuliza?"

"Itategemea," Kifungu alisema taratibu, "swali litaulizwaje."

Msusi alijikuta amekaa kwenye kitanda bila kukumbuka kukaa. Mkono ule ule uliobonyeza kitufe chekundu! Mpaka dakika ile alikuwa bado ameshikilia jambo moja, kwamba kuhusu mashine, angalau, wako pamoja. Sasa akaona kwamba hata asubuhi ile ya shuka, hata kule kudakwa kiunoni, kumekuwa kitu kinachoweza kuelezwa hivi au vile, kutegemea anayeuliza.

"Sikiliza," Kifungu alisema, na ghafla akawa na haraka, akavuta karatasi na kalamu kutoka kwenye mfuko wake. "Jaji amesema hali ikibadilika uombe upya, sivyo? Lazima alisema, huwa wanasema. Basi nikiondoka, hali imebadilika. Nakuandikia sasa hivi. Lori halijafika."

Aliandika akiwa amepiga magoti, kitanda kikiwa meza. Msusi alitaka kumnyang'anya kalamu, na alitaka amalize. Alijichukia kwa hilo la pili. Alikaa pembeni yake akitazama mikia ya herufi ikishuka, na mle bwenini kila mtu akajifanya ana shughuli.

Kifungu alipomaliza alimpa. Msusi alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole gumba. "Mwombaji, ambaye hana elimu ya sheria wala uwezo wa kuitafuta haki yake bila msaada, anaileta tena haja yake mbele ya mahakama hii tukufu..." Iliteremka hivyo hadi chini bila kukwama hata mahali pamoja.

"Ni nzuri mno," Msusi alisema. "Akiisoma hii, atasema tena ninaye wa kunisaidia."

Na uso wa Kifungu, jamani, ukachanua. Alishindwa kujizuia. Macho bado mekundu, mzigo uko mlangoni, lakini tabasamu likamtoka.

"Kweli ni nzuri, eh?"

Msusi aliikunja karatasi, akaiweka juu ya mzigo wake.

"Nenda nayo."

Honi ililia uani. Afande akaita, akaita tena kwa hasira. Kifungu alijitwika mzigo, akasimama mbele ya Msusi kama anayengoja kitu.

"Kwaheri, mdogo wangu."

Msusi hakuitika. Alikuwa hajawahi kumnyima mtu kwaheri maishani mwake. Lakini neno hakulitoa. Aliposikia lori linaondoka ndipo akalia, uso ameuzika kwenye godoro, na Redio akaja kukaa miguuni pake bila kusema lolote, jambo ambalo kwake halikuwa dogo.

Kesho yake Msusi aliomba karatasi kwa afande. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zilianguka huku na huku kama walevi wanaotoka harusini. Redio alimchungulia begani.

"Weka 'kwa unyenyekevu mkubwa' hapo juu. Wanapenda."

"Sitaki kuipamba."

"Hata 'tukufu' moja?"

"Hata moja."

Aliandika hivi: Mheshimiwa, naandika kwa kushoto kwa sababu kulia hakushiki kalamu. Aliyekuwa ananisaidia amehamishwa. Alipokuapia alijua atahamishwa. Siku ile nilijibu nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni yeye. Sijui sheria. Ukiniuliza swali nisilolifanyia mazoezi nanyamaza, uliniona. Naomba wakili.

Afande aliipokea, akaitazama, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna mengine. Hakukuwa na mengine. Ikaenda.

Jaji alimpa wakili.

Alikuja siku ya mvua, mwanamke mwenye viatu vilivyolowa na mkoba uliojaa mafaili hadi haufungiki. Walikaa kwenye chumba cha wageni, meza ya bati kati yao. Wakili aliutazama mkono kwanza, akaomba ruhusa, akajaribu kukikunja kila kidole kwa upole. Kisha akaeleza: daktari wa mifupa ameshampata. Msimamizi wa dobi ameshatoa maelezo yake, na anasema chuma cha kinga hakijawahi kufunguliwa hata siku moja.

"Kwa hiyo namtaka mtu aliyeona," alisema. "Si aliyesikia. Nani alikuwa amesimama karibu na wewe?"

"Wengine walikuwa upande wa kukunja, wametupa mgongo, na kwenye rola huwa hawafiki. Aliyekuwa karibu ni mmoja. Ndiye aliyezima mashine."

Wakili alipekua mafaili, akatoa hati ambayo Msusi aliitambua kabla haijatua mezani.

"Huyu?"

"Huyo."

Wakili alivuta pumzi. "Nimesoma kilichotokea. Pole sana. Lakini sina mwingine, na lazima nikuulize. Huyu mtu ni mwongo?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Msusi alikuwa ameshamtukana Kifungu kila tusi analolijua, kimya kimya, kwenye foleni ya maji na kwenye foleni ya chakula. Alijaribu kulitamka hilo la mwongo, akaona si la Kifungu.

"Hasemi uongo," alisema.

"Basi ni shahidi mzuri."

"Subiri kwanza, wakili. Hujanielewa." Aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilijaa chumba. "Mwulize kilikuwepo au hakikuwepo. Mwulize siku ile, mashine ile, mbele ya macho yake. Usimwulize anakumbuka nini. Usimwulize anaonaje. Ukimwachia upenyo wa kidole tu, atapita na mzigo wake, na kila neno litakuwa la kweli."

Wakili aliandika. Aliandika kwa muda, mvua ikipiga bati la paa.

"Utaweza kukaa naye chumba kimoja?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Atakuwa mbele yako kabisa."

Msusi aliutazama mwandiko kwenye hati ile.

"Nitaweza," alisema. "Ila asiniite mdogo wake."